TAHADHARI: Anayeuza "rangi za ndege za kivita" za simuleta kutoka Mbeya, mimi kanipiga 45,000

Kamwene wadau. Naandika nikiwa bado na hasira, likiwa refu mtanivumilia.

Kuna jamaa anatangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba anauza "rangi orijino za ndege za kivita za zamani" kwa watu wa simuleta, yaani michezo ya kurusha ndege kwenye kompyuta. Anasema ana duka Mwanjelwa, Mbeya. Mimi niko Iringa, nina kibanda cha steshenari pale Mshindo, na kompyuta ninayochapia barua za wateja ndiyo hiyo hiyo ninayorushia ndege jioni. Natumia FSX (Microsoft Flight Simulator X), ile ya 2006, maana mashine yangu haibebi hizi mpya. Ni simuleta ya zamani kiasi kwamba Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, haiijui, maana umefunguliwa 2012. Nikitoka Nduli, uwanja wa Iringa, kwenda Songwe natua porini.

Sasa, mpwa wangu ana kichaa cha Hawker Hunter. Ndege ya Waingereza, injini moja ya Rolls-Royce Avon, Kenya nayo iliwahi kuwa nazo. Anachokitaka hasa ni ile nyekundu, WB188, ambayo rubani Neville Duke alivunjia rekodi ya dunia ya mwendo tarehe 7 Septemba 1953, kilomita 1,171 kwa saa. Rekodi yenyewe haikumaliza hata mwezi, Swift, ndege nyingine ya Waingereza, ikaichukua, lakini dogo hataki kusikia habari za Swift. Tulikuwa tayari na modeli ya Hunter ya bure yenye rangi ya jeshi ya kawaida. Tulikosa nyekundu tu. Ndipo tangazo la huyu bwana likapita: picha kali ya Hunter nyekundu juu ya mawingu, shilingi 25,000.

Nikamwuliza kama inakubali FSX. Akajibu, "Inakubali zote anko, hii ndiyo yenyewe iliyopigana Vita Kuu ya Pili." Hapo ningefunga simu. Hunter ya kwanza, ambayo ni hiyo hiyo WB188, iliruka Julai 1951, vita ilishaisha tangu 1945. Nikajisemea muuza nyanya si lazima ajue kilimo.

Akanipa namba. Kabla ya kuweka namba ya siri likatokea jina la mwanamke. Nikamwuliza. "Hiyo laini ya wife anko, tuma tu na ya kutolea." Nikatuma na ya kutolea. Dakika haijaisha ikaingia meseji, "Ndaga fijo anko," na linki.

Faili lilikula bando langu lote la siku. Ndani kulikuwa na programu ya kusakinisha, ile ya exe, na kijikaratasi cha maelezo kinachosema: zima antivirusi kwanza, inasumbua. Mimi nilikuwa nahudumia mteja wa pasipoti saizi, mpwa wangu akazima na kubofya. Simlaumu, mimi ndiye niliyelipa.

Ambao hamjawahi kuongeza ripenti, yaani rangi mpya ya ndege, someni hapa taratibu, maana utapeli wote umejificha hapa. Ripenti ni picha. Basi. Kwenye FSX ni folda moja inayoanza na neno texture, ndani yake zimo picha za mwili, mabawa na mkia. Unaibandika ndani ya folda ya ndege unayoimiliki tayari, halafu unafungua faili la aircraft.cfg kwa Notepad na kuongeza aya fupi: namba inayofuata kwenye mfuatano, jina lisilofanana na jingine, na mstari wa kuielekeza kwenye ile folda. Kama aya ya mwisho ni fltsim.3, yako iwe fltsim.4. Ukiruka namba, ndege haitaonekana kwenye orodha na utadhani umeibiwa hata kama hujaibiwa. Kwenye X-Plane, simuleta nyingine, ni rahisi zaidi, unaweka kwenye folda ya liveries tu. Hakuna mahali popote katika kazi hiyo panapohitaji antivirusi ilale. Zipo ripenti halali zinazokuja na kisakinishi, sikatai, ila anayekwambia uzime ulinzi ili upake rangi anakutafutia kitu kingine.

Haya, ndege ikatokea. Nyekundu kweli. Lakini ukiizungusha unakuta duara la RAF (jeshi la anga la Uingereza) limemwagikia tumboni kama chai, na upande wa kushoto namba inasomeka kinyumenyume, kama unaisoma kwenye kioo cha bodaboda. Nikaelewa papo hapo: hii rangi ilichorwa kwa modeli nyingine ya Hunter. Picha ya ripenti hukatwa kwa vipimo vya modeli yake, kama suti kwa fundi, ukimvalisha mwingine mabega yanakaa kwenye viwiko. Huyu jamaa wala hakuijaribu.

Nikaingia ndani ya folda kuchungulia. Kulikuwa na faili la maandishi la mchoraji mwenyewe, jina lake limefutwa, lakini mstari wa chini walisahau kuufuta: kazi hii ni ya bure na hairuhusiwi kuuzwa. Nililipia kitu ambacho mwenyewe alikigawa bure, tena aliyelipwa si yeye.

Nikamlalamikia. Akasema tatizo ni "aktivesheni", niongeze 20,000 atume ufunguo. Ndiyo, nikaongeza. Msinicheke, mtu aliyekwisha kuzama magotini huwa anaona ng'ambo iko karibu. Ufunguo haukuja. Tiki ikabaki moja, picha yake ya wasifu ikatoweka, simu nikipiga haipatikani.

Siku ya pili yake nikapata taarifa kwamba kuna mtu anajaribu kuingia kwenye barua pepe yangu. Nilibadilisha nywila zote kwa kutumia simu, si kwa ile kompyuta, kisha nikaipiga chini Windows na kuanza upya. Barua na wasifu za wateja ambazo sikuwa nimezihamishia kwenye flashi zimekwenda. Kuna dada alikuja kuchukua maombi yake ya kazi, nikamwandikia upya bure nikiwa nimeinamisha kichwa.

Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Mbeya kufuata karatasi na wino. Nikasema ngoja nipite Mwanjelwa. Alivyoelekeza duka, nilikuta mama anauza mitumba ya watoto. Nikamweleza. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mwanangu, wewe ni wa tatu mwezi huu. Mmoja alitoka Tukuyu na mvua yake."

Namba ya huyo tapeli na meseji zake nimezituma 15040, ile ya kuripoti utapeli wa simu. Polisi nao nimefika na picha za skrini. Pesa yangu nilichelewa kuiwahi: kama wewe umetuma sasa hivi, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyo hiyo kabla hajaenda kwa wakala, usimsubiri "ajibu" kama mimi. Halafu piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, hasa kama alikuomba namba ya NIDA "kwa ajili ya risiti". Mimi aliniomba, nashukuru siku hiyo sikuikumbuka.

Anabadilisha jina, sasa hivi nasikia anauza rangi za Vulcan na Lightning, ndege nyingine za kivita za Waingereza, kwa 40,000. Picha ya tangazo ni ile ile ya mawingu, angalia kona ya chini kulia utaona pamefutwafutwa alama ya mwenye picha.

Hunter nyekundu tuliipata baadaye, ya bure, iliyochorwa kwa modeli yetu. Dakika kumi na tano, dogo mwenyewe ndiye aliyeandika fltsim.4. Aliyepigwa na huyu bwana aniandikie inboksi na picha za skrini, yule mama wa mitumba amekubali kutoa maelezo.