Boya la kuvuta au boya la kujaza hewa: mzamiaji wa Ziwa Kivu achague lipi?

Mzamiaji anayeingia Ziwa Kivu upande wa Goma ana njia mbili za kuwajulisha wenye vyombo kwamba chini yao kuna mtu. Ya kwanza ni boya lenye bendera nyekundu iliyokatwa na mstari mweupe wa mshazari, ambalo hulivuta kwa kamba tangu anapozama hadi anapoibuka. Ya pili ni boya refu na jembamba, linalobebwa likiwa limekunjwa, kisha hujazwa hewa chini ya maji na kupandishwa mzamiaji anapokaribia kurudi juu.

Hili la pili ni jepesi, lakini humwacha mzamiaji bila alama kwa muda mrefu, na kulipandisha kunadai ustadi: kamba ikikwama kwenye kigurudumu inachozungushiwa, boya laweza kumvuta juu ghafla, hatari inayozidi katika ziwa lililo karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo na kupanda polepole ni muhimu zaidi.

Boya la kuvuta huchosha mkono na hunasa kwenye nyavu za sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, nazo si haba. Hata hivyo, palipo na boti za kasi ziendazo Bukavu, mimi ningelichagua hilo, mradi kamba ishikwe mkononi wala isifungwe mwilini, ili iachiliwe mara moja chombo kikiinasa. Bendera haimzuii nahodha asiyejua maana yake. Kwa hiyo wavuvi waelezwe ufukweni kabla mtu hajazama.