Matairi ya pikipiki kwa safari ya kona za milimani na pwani: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Njia umeshaichora, vituo vya mafuta umevihesabu na pa kulala umepajua. Kinachobaki ni matairi, na hapo ndipo wengi huteleza kabla hata ya kuondoka. Kuna wanaochukua lolote lililopo stoo kwa fundi. Kuna wanaokosea kinyume chake: wananunua tairi la mbio kwa kudhani kona nyingi ndizo zinazolidai.

Kona za barabara ya kawaida zinadai kitu tofauti. Zinataka tairi linaloshika lami likiwa bado baridi, linaloshika lami iliyolowa, na linalobaki duara mpaka siku ya mwisho ya safari. Tumepanga daraja hapa chini kwa vigezo hivyo vitatu, na baridi ndiyo ya kwanza.

Sababu yake iko asubuhi, katika kilomita kumi za mwanzo. Pikipiki ikienda wima, katikati ya tairi hupata moto upesi kwa kuwa ndipo panapokanyaga. Mabega ya tairi, yaani sehemu inayogusa lami ukilaza pikipiki, hubaki baridi. Unafika kwenye kona ya kwanza ya kivulini, unalaza, na unasimamia mpira ambao haujafanya kazi yoyote tangu jana jioni. Chukua mfano wa Stelvio, Italia: kutoka Prato, kwenye mita 900 hivi, hadi kileleni mita 2,757, kwa kona kali 48. Hewa hupoa takriban digrii 6.5 kwa kila mita 1,000, hivyo juu kuna baridi zaidi ya bondeni kwa digrii 12 hivi. Pwani nako kuna vyake. Chapman's Peak Drive, Afrika Kusini, ina kona 114 ndani ya kilomita 9, mwamba upande mmoja na bahari upande wa pili. Barabara za namna hiyo hupata unyevu wa bahari, na mchanga na vijiwe hujikusanya pale pale unapotaka kupitisha gurudumu. Tairi la mbio linalosubiri joto la uwanjani halitalipata huko.

1. Spoti-turingi

Kwa pikipiki yenye rimu za inchi 17 mbele na nyuma, jibu karibu kila mara ni hili, tairi la kona za kasi na safari ndefu kwa pamoja. Michelin Road 6, Metzeler Roadtec 01 SE, Pirelli Angel GT II, Bridgestone T32 na T33 iliyoifuata, Dunlop RoadSmart IV, Continental RoadAttack 4: haya hutofautiana kwa ladha kuliko kwa uwezo. Mengi, hasa la nyuma, yana mpira mgumu katikati na laini mabegani. Continental hufika huko huko kwa njia nyingine: mpira ni mmoja, ila umepikwa kwa joto tofauti katikati na pembeni. Mpira wa matairi haya umechanganywa na silika nyingi (unga wa madini ya jamii ya mchanga), na silika ndiyo inayoufanya mpira ubaki laini kwenye baridi na kwenye maji.

La nyuma huishi kilomita 8,000 hadi 12,000 mara nyingi, likipungua kwa mzigo mzito na kwa mkono mzito wa kufungulia mafuta kila unapotoka kwenye kona.

Angalia herufi za ziada. Road 6, T32 na RoadAttack 4 zina toleo la GT, lenye kuta ngumu zaidi kwa pikipiki nzito zinazobeba masanduku na abiria. Usilinunue kwa kudhani GT ni bora zaidi. Kwenye pikipiki nyepesi utalisikia kavu kama ubao, hasa kwenye lami ya viraka, na gurudumu litarukaruka katikati ya kona badala ya kutulia.

2. Adventure ya lami

Hili si daraja la pili kwa ubora. Ni spoti-turingi ya pikipiki za adventure, ndefu na za kupita lami na njia mbaya, zenye rimu ya mbele ya inchi 19 au 21. Michelin Anakee Road, Metzeler Tourance Next 2, Continental TrailAttack 3 na Bridgestone A41 yote yametengenezwa kwa lami kwanza. Yatakupitisha kwenye kipande cha changarawe hadi mlango wa kambi, basi. Tumeyaweka ya pili kwa sababu tairi la mbele la inchi 19 ni jembamba na gurudumu ni kubwa, hivyo linabadili upande polepole zaidi kwenye kona za zigizaga. Tairi jipya halitabadilisha maumbile hayo.

3. Nusu kashata

Continental TKC 70 ni mfano mzuri: mkanda wa katikati umefungana, kashata (vipande vya mpira vilivyochomoza) zimeachana pembeni. Nunua hili iwapo njia yako ina sehemu ya kweli isiyo na lami, tuseme sehemu moja ya tano. Kama ni kilomita tatu tu za vumbi kwenda kuona maporomoko, hapana. Utapanda taratibu na kurudi salama kwa tairi namba 2.

4. Spoti kali

Michelin Power 6, Pirelli Diablo Rosso IV, Bridgestone S23. Ni matairi mazuri mno kwa siku moja ya jua. Kwa safari ya siku kumi, mifereji yake ni michache kwa mvua na la nyuma linaweza kuisha kabla ya kilomita 6,000. Anayesafiri kilomita 1,500 kiangazi bila mizigo anaweza kulipandisha hadi namba 2 na hatutabishana naye.

5. Kashata kubwa

TKC 80 na wenzake ni ya matope na mchanga. Kwenye kona ya lami kashata hujipinda chini ya uzito na pikipiki hutikisika kama imekanyaga goroli, breki huhitaji nafasi ndefu zaidi penye maji, na saizi nyingi zina kikomo cha mwendo cha Q, yaani kilomita 160 kwa saa. Uzuri wake kwenye picha usikudanganye.

Nje ya daraja kabisa kuna tairi la gari lililofungwa nyuma ya pikipiki. Wapo wanaolisifia kwa kudumu. Lina uso bapa, na kona hulifanya lisimame kwenye ukingo wake. Kwa barabara hizi, hata bure usilichukue.

Tairi lililolika bapa

Swali linalofuata ni kama unahitaji kununua sasa. Wengi hupima kina cha mifereji tu, wakisahau umbo. Tairi la nyuma lililotumika sana kwenye barabara iliyonyooka huliwa katikati na kuwa bapa. Chukua rula au kadi ya benki, iweke kwa ukingo wake kukatisha upana wa tairi. Kwenye tairi duara itagusa sehemu ndogo katikati na kupepea pande zote mbili. Kwenye lililolika italala bapa kwa upana wa vidole vitatu au vinne, na mwisho wa ubapa huo utaona ukingo.

Ukingo huo ndio utakaouhisi kwenye kona kali. Unasukuma usukani, pikipiki inakataa kulala. Unaongeza nguvu, inavuka ukingo na kudondokea ndani ghafla, nawe unarekebisha katikati ya kona huku lori linateremka. Watu hulaumu saspensheni (springi na shokapu), wengine huanza kujilaumu wenyewe. Badilisha tairi, hata kama mifereji bado ina milimita 3.

Kina chenyewe kipime kwa hesabu. La nyuma jipya lina milimita 6 au 7. Tuseme lako lilikuwa na 7 na limeshuka hadi 2 kwa kilomita 10,000: limeliwa milimita 1 kila kilomita 2,000. Safari ya kilomita 3,000 yenye mizigo itakula milimita 1.5 au zaidi. Ukianza na chini ya milimita 3.5 utamalizia chini ya milimita 2, karibu na kipara, huko mbali ambako saizi yako huenda haipo.

La mbele lipapase kwa kiganja, mbele na nyuma. Likiwa laini upande mmoja na lenye meno ukirudisha mkono, limeliwa kwa mawimbi kutokana na breki, au limetembea na upepo mdogo. Litanguruma kwenye kona na halitapona.

Soma ubavu kabla ya kulipa

Mfano: 180/55 ZR17 73W. Upana ni milimita 180, urefu wa ukuta ni asilimia 55 ya upana huo, R ni radiali (nyuzi za ndani hukatisha tairi moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo), rimu ni inchi 17. Namba 73 ni msimbo wa uzito linaoweza kubeba: kilo 365. W ni mwendo: kilomita 270 kwa saa, V ni 240, H ni 210. Usishuke chini ya namba ya uzito iliyo kwenye kitabu cha pikipiki, hasa ukibeba abiria. Usipandishe upana pia. 190 kwenye rimu ya 180 hubanwa, umbo hubadilika, na pikipiki huwa nzito kulala.

Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2324 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililohifadhiwa vizuri gizani halifi mara moja, lakini punguzo kubwa la bei mara nyingi huwa na tarakimu hizo nyuma yake. Angalia upande wa pili pia, maana mara nyingi tarehe huwekwa upande mmoja tu.

TL ni tairi lisilohitaji tyubu, TT ni la tyubu. Rimu nyingi za spoki zinahitaji tyubu, na tyubu ikitoboka upepo huisha upesi, tena kifaa cha kuziba pancha kwa nje hakitakusaidia. Kama zako ni hizo, beba tyubu ya akiba na vyuma vya kufungulia tairi.

Mbele na nyuma ziwe za mfano mmoja. Usichanganye radiali na isiyo radiali isipokuwa mtengenezaji wa pikipiki ameruhusu.

Kufunga na upepo

Funga wiki mbili kabla ya kuondoka. Simama karibu fundi anapofanya kazi: mshale wa mzunguko ufuate mwendo wa gurudumu, nukta ya rangi (sehemu nyepesi ya tairi) ikae kwenye vali, vali ya mpira ibadilishwe, gurudumu libalansiwe. Mstari mwembamba karibu na rimu uwe na umbali sawa kuzunguka pande zote mbili. Ukizama mahali pamoja, tairi halijakaa, na mtikisiko wake hautaondoka kwa kubalansi.

Upepo ujazwe tairi likiwa baridi, kwa namba za kitabu. Kwa pikipiki nyingi kubwa za inchi 17 ni psi 36 mbele na 42 nyuma. Likipata moto geji itapanda kwa psi kadhaa, na hapo ndipo watu hutoa upepo "ili lishike". Kesho asubuhi linakuwa pungufu, linajipinda, linachemka kupita kiasi na kuliwa mabegani. Ukipanda mlima pia usiguse kitu: hewa nyembamba ya juu huinua geji, baridi ya juu huishusha, na viwili hivyo karibu vinafutana.

Uso wa tairi jipya huwa laini na unateleza. Kilomita 150 za kwanza ongeza mlalo kidogo kidogo, bila breki kali wala kufungulia mafuta ghafla. Mtu anaweza kuanguka hapo hapo, akitoka kwa fundi, kwenye kona ya kwanza. Asubuhi inayofuata pima upepo tena. Ukikuta umeshuka psi 2, paka maji ya sabuni kwenye vali kwanza, kisha kwenye ukingo wa rimu, utafute povu.