Siku 61 zimeyeyuka, na bado wananiita bingwa

Nimelala na hasira, nimeamka nayo. Siku 61 mfululizo nimeingia kwenye kozi hii ya kuandika programu, hata siku ya homa, halafu nafungua simu nakuta kale kamoto kanakohesabu siku zangu mfululizo kamezimika, pembeni sifuri.

Na nilisoma! Siku hiyo niliamka saa saba usiku makusudi, nikijua kutwa nzima sitashika simu. Kumbe seva yao inahesabu kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu, kwao ilikuwa bado jana. Nikawaandikia kwa adabu. Kikaja kikatuni kinarukaruka: “Usikate tamaa, bingwa! Nunua ngao urejeshe moto wako.” Yaani saa yao, faini yangu.

Kinachoniuma zaidi, walishanishika. Wiki za karibuni nilikuwa sisomi kitu. Narudia somo la kwanza, lile la kuandika neno moja litokee kwenye skrini, dakika mbili, pointi kumi, nalala. Kwenye msimamo nikawa wa tatu, juu ya watu ambao naapa wanaijua kazi kuniliko. Wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walionyesha jambo hili tangu 1973: watoto wapenda kuchora, walioahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu, baadaye ahadi ilipokwisha walizigusa kalamu kidogo kuliko wenzao. Wale walikuwa wa chekechea. Mimi nina ndevu.

Ningewapa nyota moja nikaondoka, ila kuna hatua ya saba. Unapewa roboti kwenye njia, programu yake ina kasoro, uirekebishe afike mlangoni. Yangu ilikuwa inasimama hatua moja kabla ya mlango. Kila mara. Nimefeli mara kumi na nne, hakuna aliyenikata pointi wala kunipigia tarumbeta. Karoboti kanarudi mwanzo, kananisubiri. Mpaka nikaona: niliweka “ndogo kuliko” pale palipotaka “ndogo kuliko au sawa na”. Nilipiga kelele peke yangu. Aliyebuni hatua hiyo na aliyebuni biashara ya ngao hawawezi kuwa mtu mmoja.

Basi nyota tatu. Hapana, mbili, ile “bingwa” bado inanikaa kooni. Jana nimefanya hatua ya nane bila kuangalia kamoto.

Nimekaangalia. Kameandikwa 1.