Duka la muvi Chikongola: nimepata Katharine Hepburn safi

Kama uko Mtwara mjini na unapenda muvi za zamani, nenda kwenye lile duka la kuweka muvi kwenye flashi pale Chikongola. Kwingine ukiulizia filamu ya mwaka 1951 wanakushangaa, au wanakupa nakala iliyofifia, sauti inatangulia midomo. Hapa nimechukua The African Queen kwa shilingi 1,000, na kijana wa duka aliniambia, "Mama, itazame kwanza, ukiridhika ndiyo ulipe."

Nakala mbaya inamwonea Katharine Hepburn, mwigizaji mkuu wa filamu hii, maana kazi yake kubwa iko usoni. Hadithi yenyewe inatuhusu: mwaka 1914, nchi hii iko chini ya Wajerumani, naye ni Rose, dada wa mmisionari, yuko botini na Charlie mlevi, yaani Humphrey Bogart. Kuna pale Rose anapomwaga pombe yote ya Charlie mtoni, chupa baada ya chupa, ametulia kama anamwagilia mchicha. Kwenye nakala yangu ya zamani chupa zilikuwa vivuli tu. Hii unaziona zinavyoelea, na Charlie anavyoumia. Mwongozaji, John Huston, alimwambia Katharine atabasamu kama Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, alipokuwa akiwatembelea askari majeruhi. Tabasamu lile sasa nimeliona sawasawa. Na walipiga picha Uganda na Kongo huku mama wa watu anaharisha, kazi hakuacha!

Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema kule kwao Marekani walimtangaza kuwa sumu ya biashara. Akarudi na The Philadelphia Story, haki za filamu akiwa nazo mwenyewe, wakanyamaza. Alichukua Oscar nne za mwigizaji bora wa kike, ya mwisho mwaka 1982 akiwa na miaka 74, na mpaka leo hakuna mwigizaji aliyezifikia. Mwanamke wa namna hiyo hastahili kutazamwa kwenye picha yenye ukungu.

Kasoro ya duka ni umeme. Ukikatika hawana betri, unakaa kwenye benchi mpaka urudi. The Lion in Winter, filamu nyingine ya Katharine, pia hawana, ila kijana ameiandika kwenye daftari la maombi. Nenda na flashi yenye nafasi, na umkumbushe akuwekee na maandishi ya chini, kwa sababu Bogart anamung'unya maneno.