Bongoyo kwa siku moja: pazuri, ukijua maji yanakwendaje

Boti za kisiwa cha Bongoyo, Dar es Salaam, huondokea Slipway, Msasani, na kufika baada ya nusu saa hivi. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: nauli ni ya kwenda na kurudi? Tozo ya eneo tengefu imo ndani? Kisiwa kimehifadhiwa tangu 1975, na tozo hiyo hailipiki kwa maneno matamu. Uliza pia saa ya boti ya mwisho.

Wengi huangalia jua wakasahau maji. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yakitoka, upande wa miamba hauogeleki kabisa, unabaki kutembea juu ya mawe makali na viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Chagua siku ambayo maji yanajaa karibu na saa sita au saa saba mchana. Kila siku saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo Jumamosi nzuri haikuhakikishii Jumamosi ijayo. Msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, rudi mapema. Mchana upepo hukaza, na boti hulowesha kila kitu.

Samaki wa kuchoma na chipsi ndio chakula cha pale. Agiza ukishuka tu kwenye boti, kwa sababu jiko ni la mkaa na foleni ni moja. Mwone samaki mbichi, mpatane bei, ndipo achomwe. Vibanda vya makuti hukodishwa, na wikendi huisha upesi. Viatu vya maji ni lazima. Miavuli, hapana, upepo utaichukua.