Fitingi za PEX za kubana kwa ringi: miaka miwili baadaye

Fitingi hizi huunganisha mabomba ya maji ya PEX, yaani plastiki inayokunjika, kwa ringi ya shaba inayobanwa. Nilizichagua kwa sababu moja tu: sikutaka kushika moto wala risasi ya kulehemu. Viungo 23, jikoni na bafuni, bomba la nusu inchi, koleo la kubania la kuazima. Kubana hakuna shida. Kilichonitoa jasho ni kupima presha.

Nilijaza maji, nikatoa hewa kila koki (ikibaki humo itakudanganya, maana hewa hushindilika, maji hayashindiliki), nikapandisha kwa pampu ya mkono hadi bar 10. Dakika kumi baadaye mshale wa kipima presha umeshuka hadi 9. Roho juu! Nikakata viungo viwili vilivyokuwa vizima kabisa, na ringi ya shaba ukishaikata ndiyo basi. Kumbe bomba lenyewe lilikuwa linatanuka. Plastiki hii ikipata presha hunyumbuka, mshale ukashuka bila tone kudondoka. Unatakiwa uongeze presha, usubiri nusu saa, uongeze tena, ndipo uanze kuhesabu muda wa kipimo chenyewe. Karatasi iliyokuja na fitingi haikugusia hilo hata kidogo, na nyota moja imeondokea hapo.

Raundi ya pili mshale ulitulia, kisha ukaanza kuteremka polepole bila kukoma. Safari hii lilikuwa vujo kweli: tii (kiungo cha njia tatu) ya chini ya sinki ilikuwa inavuja kidogo kidogo. Ringi nilikuwa nimeibana ukingoni kabisa, wakati inatakiwa ikae milimita 3 hadi 6 kutoka mwisho wa bomba. Geji, kile kifaa cha kukagulia ringi baada ya kubana, ilikuwa imeipitisha, kwa kuwa yenyewe hupima kama ringi imebanwa sawasawa, si kama imekaa mahali pake. Pale macho yako ndiyo geji.

Tangu hapo, hakuna kiungo kilichovuja, hata upande wa maji moto. Bomba limeandikwa ubavuni psi 160 (kama bar 11) kwa nyuzi 23 na psi 100 (kama bar 7) kwa nyuzi 82, nami sijalifikisha huko. Ila elbo (viungo vya kona) mbili za shaba njano nilizoongeza baadaye, za aina nyingine, zimeota unga mweupe: zinki inaliwa na maji. Nimezibadilisha kwa za plastiki ngumu.

Kipande cha bomba kilichobaki nilikisahau nje juani. Juzi nilitaka kukikunja, kikakatika kama muwa mkavu.