Monita imeanza kuzingua? Pima kwanza, alafu ndo uangalie ipi ya kununua

Mimi nina steshenari Mbagala, nachapa barua, najaza fomu za watu, napiga picha za paspoti, kwahiyo monita kwangu ni kama sufuria kwa mama ntilie, ikigoma siku hiyo hamna kazi. Nayaandika haya kwasababu naona watu wengi sana wanatupa monita nzima, au wananunua mbovu kwa hela ya jasho, na vyote viwili nimevipitia.

Siku moja mama mmoja kaja na mwanae wa kidato cha nne, anataka picha nne, bakigraundi ya bluu kama kawaida. Nimepiga, nimefungua kwenye kompyuta, naona bluu imekuwa nyeusi na shati jeupe la shule limekuwa la njano kabisa. Nikaprinti tu nione, picha ikatoka safi, bluu yake bluu, shati jeupe. Hapo ningetulia ningeelewa kwamba picha ni nzima na kinachodanganya ni skrini, lakini nikaona monita imekufa, kesho yake nikaenda kununua nyingine, nikachomeka waya uleule wa VGA (ule unaopeleka picha kutoka kompyuta kwenda monita), na yenyewe ikaja njano. Waya ndo ulikuwa mbovu! VGA inapitisha nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye pini yake, pini ya bluu ikilegea au ikikatika ndani basi kila cheupe kinakuwa njano. Ukikosa nyekundu skrini inaenda kwenye rangi ya maji ya bahari, ukikosa kijani inakuwa kama zambarau. Kwahiyo rangi ikibadilika ghafla, kamata waya pale kwenye kichwa chake utikise taratibu huku unaangalia skrini, rangi ikirudi hata sekunde moja umeshapata jibu, nunua waya.

Sasa tuseme waya ni mzima. Bonyeza kitufe cha menyu cha monita yenyewe. Kama menyu inatokea vizuri, haina michirizi, rangi sawa, alafu picha ya kompyuta ndo mbovu, shida iko kwenye waya au kompyuta, sio monita. Ichomeke kwenye laptopu ya mtu uhakikishe.

Skrini nyeusi lakini taa ya pawa inawaka? Zima taa za chumba, washa tochi ya simu uisogeze karibu na kioo kwa pembeni, ukiona kwa mbali madirisha na ikoni zako zipo basi kioo kinafanya kazi, kilichokufa ni taa ya nyuma au bodi inayoilisha. Hizi monita za zamani zinatumia taa nyembamba za tyubu, na tyubu zikichoka dalili zake ni skrini kuwa na wekundu kidogo asubuhi ukiwasha, mwanga kufifia, mwishoni inawaka sekunde mbili inazima. Kwa monita ya aina hiyo mimi siku hizi siitengenezi tena, taa zenyewe kuzipata ni shida.

Lakini ile ambayo inachelewa kuwaka, unabonyeza mara tano, taa inapepesa pepesa, ikishapata moto inakaa siku nzima bila shida, hiyo usiitupe ndugu yangu. Mara nyingi ni kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi ya pawa. Ukifungua utaziona zimevimba kichwani, ya kawaida juu yake ni bapa, iliyokufa imefura kama andazi, nyingine imevuja ugoro wa kahawia. Fundi anabadilisha kwa muda mfupi, mwambie aweke namba ileile ya uF (ukubwa wa kapasita), volti zilezile au zaidi, na ziwe za kuhimili joto la nyuzi 105. Kapasita zenyewe ni bei ya chai na chapati, unacholipia ni mkono wa fundi. Ila usifungue mwenyewe kama hujui, kuna kapasita moja kubwa upande wa umeme wa ukutani, inabaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa plagi, na hiyo inaua.

Mistari iliyosimama kutoka juu hadi chini, doa jeusi linalokua, kioo kilichopasuka: achana nayo. Kioo kipya peke yake kinakaribia bei ya monita. Kipimo changu ni hiki, matengenezo yakizidi theluthi ya bei ya monita ya mtumba, naacha.

Haya, umeamua kununua. Mpangilio wangu mimi kwa mtu wa kazi za kawaida:

Namba moja ni mtumba wa ofisini, inchi 22 mpaka 24, kioo cha aina ya IPS, 1920 kwa 1080 (idadi ya nukta za picha, upana kwa kimo). Hizi zinatoka kwenye maofisi ya Ulaya na kwingineko wakibadilisha vifaa, Dell za P na HP za EliteDisplay ndo zimejaa. Dell P2217H, P2419H, HP E232, E243, zote ni IPS na zina matundu ya waya wa picha ya aina tatu, HDMI, VGA na DisplayPort. Stendi yake inapanda na kushuka, shingo haiumi, na kioo cha IPS ukikitazama kwa pembeni rangi haibadiliki, kwa mtu wa picha hilo ndo la maana kuliko yote. Angalia tu, P2214H ni nzuri pia lakini haina HDMI. Na hapa watu wanaliwa sana: kale kaadapta ka bei rahisi kanatoa picha kwenye kompyuta yenye DisplayPort kwenda monita ya HDMI, hakarudi nyuma. Kompyuta yako ikiwa na HDMI tu na monita ina DisplayPort tu, kale kaadapta hakatafanya kazi.

Namba mbili, mpya dukani, inchi 22 au 24 ya IPS yenye waranti ya maandishi. Kama bajeti inafika chukua, ila stendi zake nyingi hazipandi, utaweka vitabu chini. Usiache risiti.

Namba tatu, inchi 27, lakini iwe 2560 kwa 1440. Ya 1920 kwa 1080 kwenye inchi 27 herufi zinakuwa na vidoa doa, ukikaa karibu siku nzima unachoka.

Namba nne TV ya inchi 32. Najua inavutia, unaangalia na mpira. Nyingi za bei rahisi ni 1366 kwa 768, herufi nene zenye ukungu, mimi kuchapa siwezi.

Mwisho kabisa ni zile za mraba za inchi 17 na 19. Kwa kamera za ulinzi sawa, kwa hela yako usinunue.

Ukifika dukani Kariakoo au popote, kabla hajaichomeka weka kiganja nyuma ya monita. Ikiwa ya moto muulize kwanini, maana yenye kapasita mbovu inawaka vizuri ikishapata joto, na wapo wanaoziwasha mapema kabla hujafika. Omba ambayo imepoa, au subiri ipoe. Nenda na waya wako na laptopu kama unayo, weka picha nyeupe tupu, nyeusi, kijivu, nyekundu, kijani, bluu. Kwenye nyeupe tafuta madoa na kingo za njano, kwenye kijivu tafuta alama ya picha ya zamani iliyoganda, kwenye nyeusi mwanga unaovuja kwenye kona. Soma kibandiko cha nyuma, tarehe ya kutengenezwa ipo. Iache iwake nusu saa, jaribu kila tundu na sio VGA peke yake, na muuzaji akikukatalia nusu saa, maduka yako mengi.

Nyumbani ichomeke kwenye kilinda umeme, sio kwenye ekstenshen tupu, umeme ukirudi kwa kishindo ndo unaoua bodi za pawa. Ile ya zamani mpelekee fundi wako, bodi na stendi atapata pa kuzitumia, ila waya wa pawa na wa VGA kama ni mzima baki nao.